JE, MWENYE KUMKANUSHA MUNGU HUMWAMINI KWA SIRI?

Somo katika maana ya fitra, na hukumu ya kuyasema yaliyomo nyoyoni mwa watu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake aliyeziumba nyoyo, akajihusisha peke yake na ujuzi wa yaliyomo ndani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na Ali zake, na Sahaba zake wote. Amma baad.

Yako maneno yasemwayo sana barazani baada ya sala ya alasiri, kila wanapotajwa watu wa zama hizi wasemao kuwa hakuna Mungu. Mmoja husema: "Hao ni waongo tu, ndani ya nyoyo zao wanajua." Mwengine huongeza: "Na wapande chombo wakutwe na tufani, utawasikia wakimwita." Watu hucheka, na mazungumzo huishia hapo. Walakini maneno hayo si mepesi kama yanavyodhaniwa. Ni hukumu juu ya moyo wa mtu, na mwisho wake ni kumwita mtu huyo mwongo. Na siku hizi huenda asiwe mgeni wa mbali aliyeko Ulaya. Huenda akawa ni kijana wa nyumba ya pili, au mwana wa msemaji mwenyewe, aliyerudi masomoni na shaka kifuani mwake. Kwa hiyo yapasa mas-ala haya yapimwe kwa mizani ya Qur'ani na Hadithi na kauli za wanavyuoni, ili lijulikane lililo kweli ndani yake na lililo kosa.

ASILI YA KAULI HII

Wengi wa wayasemao maneno hayo hudhani kuwa yametoka kama yalivyo katika vitabu vya Kiislamu. Lakini kwa namna yasemwavyo, yana asili mashuhuri katika dini ya Kikristo. Paulo, katika mlango wa kwanza wa barua yake kwa Warumi, alieleza kuwa Mungu hutambulika kwa vitu alivyoviumba, na kwamba watu waovu huizuia kweli hiyo, basi hawana udhuru. Baadaye akaja John Calvin, mwanachuoni wa Kiprotestanti, Mfaransa aliyeishi Geneva. Katika kitabu chake kikubwa, kilichotimia mwaka 1559, alifundisha kuwa hisia ya Uungu imepandwa katika moyo wa kila mwanadamu. Na katika karne ya 20, Cornelius Van Til, mzaliwa wa Uholanzi, aliyeanza kufundisha katika chuo cha dini cha Westminster huko Philadelphia mwaka 1929, aliijenga elimu yake yote ya kuitetea dini juu ya msingi huu: kuwa hakuna mtu asiyemjua Mungu kwa kweli, ila yuko ajuaye na kujikandamiza.

Wala si Wakristo wote wasemao hivyo. Maaskofu wa Kikatoliki walipokutana katika mkutano wao mkubwa wa Vatikani, waliandika mwaka 1965 kuwa wenye kumkana Mungu ni namna nyingi. Wako wakanao waziwazi, na wako wanaodhani kuwa mwanadamu hana njia ya kulijua jambo hilo. Tena wakakiri kuwa waumini wenyewe huenda wakawa na sehemu ya lawama, kwa malezi mabaya ya dini na kwa mwenendo usiofaa. Basi hata miongoni mwa Wakristo mas-ala haya yana khitilafu, wala haimpasi Muislamu kuchukua upande mmoja wa ugomvi wao akaudhani ni dini yake.

LILILO KWELI: FITRA

Katika kauli hii liko jambo la kweli ambalo Uislamu hauliachi. Sura ya Rum, aya ya 30, imetaja fitra ya Mwenyezi Mungu ambayo juu yake amewaumba watu. Na Sura ya Aaraf, aya ya 172, imetaja ahadi iliyochukuliwa kwa kizazi cha Adamu, walipoulizwa juu ya Mola wao nao wakashuhudia. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika aya hii: wako waliosema kuwa ni tukio lililokuwa kwa hakika kabla ya watu kuja duniani, na wako waliosema kuwa ni mfano wa yale Mungu aliyoyaweka katika maumbile yao. Na katika Hadithi ya Abu Hurayra, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha ni wazazi wake wamfanyao Myahudi au Mkristo au Majusi, akapiga mfano wa mnyama azaliwaye mzima, asiye na sikio lililokatwa.

Basi hakuna khitilafu kuwa fitra iko. Khitilafu ni katika maana yake. Je, fitra ni itikadi kamili iliyokwisha kuandikwa moyoni, ambayo mtu huisoma kisha akaificha? Au ni matayarisho ya kuikubali kweli inapomfikia? Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), alipoisherehesha Hadithi hii alisema kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni hii ya pili: mtoto huzaliwa hali ametayarika kuupokea Uislamu. Na jambo hili laafikiana na Sura ya Nahl, aya ya 78, ielezayo kuwa watu hutoka matumboni mwa mama zao hawajui kitu, kisha hupewa kusikia na kuona na nyoyo.

Mfano wake ni dira ya chombo. Sindano ya dira imeumbwa kuelekea kaskazini, na hiyo ndiyo tabia yake. Lakini mtu akiweka kipande cha chuma karibu nayo, hugeuka ikaelekea pengine. Sindano hiyo haisemi uongo, wala haijui kaskazini kisha ikaificha; imegeuzwa kwa kweli. Nahodha akiifuata atapanda mwamba, basi si haki kusema kuwa hakuna madhara. Walakini nahodha mwenye akili haigombezi sindano. Hutafuta kile chuma kiko wapi akakiondoa, na sindano hurudi yenyewe mahali pake.

WENYE KUKUFURU SI NAMNA MOJA

Imamu Baghawi, mfasiri mashuhuri aliyefariki mwaka 516 wa Hijra (1122), alipoifasiri aya ya 6 ya Sura ya Baqara aliigawa kufuru mafungu manne. La kwanza ni kufuru ya inkari: nayo ni mtu kutomjua Mungu asilani, wala kumkiri. La pili ni kufuru ya juhudi, kwa maana ya kukanusha: mtu anajua moyoni, lakini hakiri kwa ulimi, kama kufuru ya Iblisi. La tatu ni kufuru ya inadi: anajua moyoni na kukiri kwa ulimi, lakini hafuati, kama alivyokuwa Abu Talib. La nne ni unafiki: kukiri kwa ulimi na kutosadiki moyoni.

Na alitazame mwenye kusoma fungu la kwanza. Lau kila mwenye kukana angekuwa anajua kwa siri, fungu hili lisingekuwa na mtu hata mmoja, na mwanachuoni huyu asingekuwa na haja ya kulitaja.

Qur'ani yenyewe imepambanua namna hizi. Sura ya Naml, aya ya 14, imeeleza kuwa Firauni na watu wake walizipinga Ishara hali nyoyoni mwao wana yakini, na kilichowazuia ni dhulma na majivuno. Hao walijua. Na Sura ya Baqara, aya ya 146, imetaja Watu wa Kitabu waliomtambua Mtume kama watambuavyo watoto wao. Lakini ilipotaja kuficha haikusema wote wameficha, imesema ni kundi katika wao. Ama Sura ya Jathiya, aya ya 24, imewataja watu wengine kabisa, ambao maulamaa wamewaita Dahariya, wasemao kuwa hakuna ila uhai huu wa dunia, na kwamba hakiwaangamizi ila muda. Mwenyezi Mungu hakusema juu yao kuwa wanajua na kuficha. Amesema kuwa hawana elimu ya jambo hilo, bali wanafuata dhana. Basi aliyeziumba nyoyo zote, na zote ziko wazi mbele yake, amelitia kundi moja katika ujuzi na kundi jingine katika dhana. Atakayeyatia makundi yote mawili katika ujuzi amesema lisilosemwa na Mola wao.

Wala haifahamiki kwa haya kuwa mwenye kufuata dhana hana lawama. Mtu aweza kulaumiwa kwa uvivu wa kutafuta, na kwa kuipa kisogo hoja iliyomfikia, hata kama hakusema uongo. Kupotea ni kitu, na kudanganya ni kitu kingine.

SHUBUHA MBILI NA JAWABU ZAKE

Shubuha ya kwanza: Huenda mtu akasema, "Nabii Musa alimwambia Firauni usoni kuwa anajua nani aliyeziteremsha Ishara, nayo imo katika Sura ya Israi, aya ya 102. Kwa nini basi Muislamu asimwambie mkanushaji maneno kama hayo?"

Jawabu: Musa (a.s.) alikuwa ni Nabii, na Mungu humjulisha Nabii wake yaliyofichikana kwa watu wengine. Na Firauni alikwisha kuziona kwa macho yake Ishara tisa, fimbo na mkono na nyinginezo. Ama mtu wa barazani hakuteremshiwa wahyi juu ya moyo wa jirani yake, wala jirani yake hajaona bahari ikipasuka. Haifai kulipima hili kwa lile.

Shubuha ya pili: "Sura ya Ankabut, aya ya 65, imewataja watu wapandao chombo wakamwomba Mungu kwa ikhlasi, kisha wakisalimika barani humshirikisha. Je, hii si dalili kuwa kila mtu humjua Mungu baharini?"

Jawabu: Aya ya 61 ya Sura hiyo hiyo yaonyesha ni watu gani waliokusudiwa. Ni washirikina wa Makka, ambao wakiulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi hujibu kuwa ni Mwenyezi Mungu. Hao hawakuwa wakimkana Muumba. Kosa lao lilikuwa kuwaabudu wengine pamoja naye. Na kisa cha Ikrima, mwana wa Abu Jahli, chaifasiri aya hii vizuri. Ilipofunguliwa Makka mwaka wa 8 wa Hijra (630), alikimbia akapanda chombo. Wakakutwa na dhoruba, na mabaharia wakawaambia abiria wamtakasie Mungu nia, kwani masanamu yao hayatawafaa kitu hapo. Ikrima akafikiri kuwa ikiwa baharini hakiokoi ila ikhlasi, basi na barani hakiokoi kingine. Akaweka ahadi, akarudi kwa Mtume (s.a.w.), akasilimu, na mwisho akafa shahidi katika vita vya Sham. Kisa hiki ni cha mtu aliyemjua Mungu kisha akamshirikisha. Hakimhusu mtu asemaye kuwa hajui kama yuko Muumba.

Tena kila baharia ajua kuwa katika tufani mtu humwita hata mama yake aliyekwisha kufa. Ukelele wa khofu si ushahidi wa itikadi. Huenda ukawa ni mlango wa fitra unaofunguka, na aliyefunguliwa na akashukuru amepata kheri kubwa. Lakini si haki kuuhesabu ukelele ambao mtu hata hajautoa.

MIFANO MIWILI KUTOKA UINGEREZA

Watu wa Ulaya wametangulia katika mjadala huu, na khabari zao zina mazingatio.

David Hume alikuwa mwanafalsafa wa Scotland, mashuhuri kwa kuzitia shaka hoja za dini. Alipokuwa mgonjwa wa mauti, James Boswell, aliyekuwa Mkristo, alimzuru mjini Edinburgh tarehe 7 Julai 1776, akitaka kujua kama ataiamini Akhera sasa. Akamkuta mtulivu, naye akasema wazi kuwa haamini. Boswell akatoka amefadhaika. Hume akafa tarehe 25 Agosti mwaka huo huo. Baadaye Boswell alimsimulia rafiki yake Samuel Johnson, mtu wa dini na mwandishi mkubwa wa Kiingereza, lakini Johnson hakukubali. Alishikilia kuwa utulivu ule ulikuwa ni maonyesho ya mtu apendaye kusifiwa. Johnson hakuwako Edinburgh, wala hakumwona mgonjwa. Aliyemwona ni Boswell. Lakini kwa kuwa alikwisha kuamua kuwa hakuna mtu asiyeamini, haukumfaa ushahidi wowote.

Wa pili ni Charles Darwin, mwenye vitabu vya asili ya viumbe, aliyekufa mwaka 1882. Mwaka 1915 gazeti moja la Kikristo la Marekani lilichapisha khabari ya bibi aliyejulikana kwa jina la Lady Hope, aliyedai kuwa alimzuru Darwin katika siku zake za mwisho akamkuta akisoma Biblia na kuusifu Ukristo. Khabari hiyo ikaenea katika makanisa. Mwaka 1922 Henrietta, binti wa Darwin, akaikanusha hadharani: akasema kuwa yeye alikuwako babake alipokuwa akifariki, na kwamba bibi huyo hakuwako. Na Darwin mwenyewe, katika barua aliyoiandika mwaka 1879, alikwisha kuieleza hali yake: kuwa hakupata kuwa mwenye kukana kuwako kwa Mungu, bali jina limfaalo zaidi ni lile la wasemao kuwa hawajui, jina ambalo Thomas Huxley alilibuni mwaka 1869. Basi wamwitao mkanushaji wamemzulia, na waliomwita muumini wa siri wamemzulia vile vile. Kila upande ulikuwa na haja na moyo wake, na hapana aliyeuliza ulimi wake umesema nini.

Dini ya haki haina haja ya kutetewa kwa khabari kama hizo. Uzushi ukifichuka, msikilizaji huona kuwa wamsemeao Mungu si wakweli, na huo ni uzito mwingine juu ya moyo wake.

HUKUMU YA KUPASUA MOYO

Usama bin Zayd alikuwa kipenzi cha Mtume (s.a.w.). Alipotumwa vitani alikutana na mtu ambaye, alipouona upanga juu yake, aliitamka shahada, Usama akamwua. Khabari ilipomfikia Mtume, Usama alijitetea kuwa mtu yule alisema kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kama aliupasua moyo wake hata akajua hayo, na akaendelea kumkemea mpaka Usama akatamani lau angalisilimu siku ile, asiwe na kosa hilo nyuma yake.

Sababu ya Usama ilikuwa na nguvu machoni pa watu, kwani mtu aitamkaye shahada chini ya upanga hudhaniwa kuwa anajiokoa. Hata hivyo hakukubaliwa udhuru. Maulamaa wakatoa humo kanuni kuwa hukumu ya duniani hufuata dhahiri, na siri ni za Mwenyezi Mungu. Basi ikiwa haijuzu kumwambia aliyesema "naamini" kuwa moyoni haamini, ni kwa njia gani itajuzu kumwambia aliyesema "sijaamini" kuwa moyoni anaamini? Moyo ni ule ule, na pazia ni lile lile. Na Sura ya Israi, aya ya 36, imekataza mtu kuyafuata asiyokuwa na elimu nayo, na imetaja kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa.

MADHARA YAKE NYUMBANI

Na apigiwe mfano mzee mwenye kijana wa miaka 20. Kijana anamjia babake faragha, usiku, baada ya kufikiri siku nyingi, anamwambia kuwa ameingiwa na shaka katika kuwako kwa Mungu. Mzee anashtuka, na kwa khofu yake anamjibu: "Wacha uongo. Wewe wajua vyema kuwa Mungu yuko; wataka kufuata matamanio tu."

Huenda ikawa ni kweli kuwa kijana anafuata matamanio. Lakini kama si kweli, mzee amefanya mambo matatu kwa maneno machache. Amemwita mwanawe mwongo siku aliyomwambia kweli. Ameliacha swali bila jawabu, kwani mtu akisemwa kuwa anajua haelezwi tena. Na jambo la tatu ni kubwa kuliko hayo: amemfunza kuwa katika nyumba hii kweli haisemwi. Kesho kijana atavaa kanzu, atasimama safuni pembeni mwa babake, atarukuu na kusujudu, na moyoni hamna kitu. Mzee atafurahi akidhani ameponya, kumbe amemtoa mwanawe katika shaka akamtia katika unafiki. Na Sura ya Nisai, aya ya 145, imewaweka wanafiki katika tabaka ya chini kabisa ya Moto.

Lau mzee yule angalijua, angalimkumbuka Imamu Ghazali. Hojatul Islamu huyu, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amesimulia katika kitabu chake cha Munqidh kuwa alipatwa na shaka kubwa karibu miezi miwili, hata hakuwa na yakini na macho yake wala na akili yake, mpaka Mwenyezi Mungu akamponya kwa nuru aliyoitia kifuani mwake. Je, Ghazali alikuwa mwongo katika miezi ile? Na Sahaba walipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa huona katika nafsi zao mambo mazito hata hawawezi kuyatamka, hakuwaita waongo, katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa alikuhesabu kule kuchukizwa kwao kuwa ni imani iliyo wazi.

Ghazali huyo huyo, katika kitabu chake cha Faysal, amewapambanua watu wasioamini mafungu matatu: ambao hawakusikia jina la Mtume kabisa, ambao walisikia habari zake na miujiza yake ilivyo, kisha wakapinga, na ambao walisikia jina lake likiwa limepakwa uongo na sifa mbaya. Fungu la kati ndilo alilolitia katika lawama, na mafungu mawili mengine akayatarajia rehema. Basi kabla ya kumhukumu mtu, yataka iulizwe kwanza ni kitu gani kilichomfikia. Aliyeoneshwa dini kwa ugomvi wa misikiti, na fimbo za chuoni, na mali za mayatima zilizoliwa na wenye vilemba, huenda chuma kilichoigeuza dira yake kikawa mikononi mwa wale wamlaumuo.

KHATIMA

Limebaki neno moja. Hata kama mkanushaji ana imani iliyofichikana, imani hiyo ina faida gani kwake? Iblisi anajua, na kujua hakukumfaa. Firauni alikiri maji yalipomfika, kama ilivyo katika Sura ya Yunus, aya ya 90 na 91, na hakukubaliwa. Imani itakiwayo ni kusadiki kwa moyo pamoja na kukiri kwa ulimi na kunyenyekea. Kwa hiyo mwenye kumwambia mtu "wewe waamini kwa siri" hajampa kitu, wala hajamwokoa na kitu. Afadhali amwambie: "Keti, eleza kilichokushinda," kisha asikilize mpaka mwisho, ajibu ayajuayo, na asiyoyajua amwulize aliye na elimu, na usiku asimame amwombee.

Mwenyezi Mungu azithubutishe nyoyo za Waislamu juu ya haki, awarudishe waliopotea kwa upole, na azihifadhi ndimi na kuyasema yasiyojulikana. Amin. Wallahu aalam.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Nini maana ya fitra kwa kauli aliyoisahihisha Imamu Nawawi, na aya ipi yaafikiana nayo?
2. Taja mafungu manne ya kufuru kwa kauli ya Imamu Baghawi. Ni lipi lisilo na ujuzi wa moyo wala kukiri kwa ulimi?
3. Kwa nini kisa cha Ikrima si hoja juu ya mtu asemaye kuwa hajui kama yuko Muumba?
4. Kijana mwenye shaka akiitwa mwongo, ni hatari gani inayokhofiwa juu ya dini yake?